Bafu Dogo, Sakafu Huru: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Bafu la Sentimita 120 kwa 180

Bafu la nyumba yetu ya Tabata, Dar es Salaam, lina upana wa sentimita 120 na urefu wa sentimita 180. Mtu mzima hawezi kunyoosha mikono yote miwili kwa upana wake bila kugota ukuta. Ndani yake kulikuwa na choo cha kukaa, sinki la kunawia lenye mguu, shawa, pipa la maji ya akiba, ndoo mbili, na mlango uliofungukia ndani. Ukitaka kuingia unajibana nyuma ya mlango, unaufunga, ndipo unapata pa kusimama. Tuliishi nalo hivyo miaka kadhaa.

Kisha mama akaja kukaa nasi kutoka Muheza. Wiki ya pili akateleza, akaangukia nyuma ya mlango. Tulisikia kishindo, tukakimbia, lakini mlango ulifunguka kiasi cha mkono kupita tu. Kila tukisukuma tunamsukuma yeye. Alipojivuta pembeni tukamtoa, na namshukuru Mungu hakuvunjika popote. Jioni ile, akiwa amekaa kitandani anajisugua goti, akasema: "Mwanangu, mle ndani hamna pa kukanyaga wala pa kushika."

Baada ya siku hiyo tulibomoa na kujenga upya, na tangu hapo nimesimamia mabafu mengine mawili ya ndugu zangu. Watu wengi wakitaka kulikuza bafu dogo hukimbilia kioo na rangi nyeupe. Vina kazi yake, nitavifikia. Ila kinacholibana bafu dogo hasa ni sakafu: imejaa vitu, na imelowa. Sakafu ikionekana wazi kutoka mlangoni hadi ukuta wa mwisho, na pale unaposimama kuvaa pakawa pakavu, utaingia bafu lilelile ukadhani limeongezwa.

Hatua ya 1: Pima, chora, kisha jaribu kwa maboksi

Chukua tepu upime upana na urefu mara tatu: chini, usawa wa kiuno, na karibu na dari. Kuta zetu nyingi hazikunyooka. Langu lilikuwa na sentimita 120 chini na 118 juu. Tumia kipimo kidogo kuliko vyote. Pima pia kona kwa kona. Mishazari miwili ikitofautiana sana, tailizi zitakuja kukatwa kwa pembe na utaona ukuta umepinda.

Chora kwenye karatasi ya miraba, sentimita 1 ikiwakilisha sentimita 10 za kweli. Weka mlango, dirisha na urefu wake kutoka sakafuni, bomba la maji safi linapoingia, bomba la inchi 4 la choo linapotokea, na chemba iliyo nje. Onyesha pia nguzo za zege, maana huko hutachimba kitu.

Halafu fanya jambo ambalo fundi anaweza kukuona unampotezea muda. Kata maboksi kwa ukubwa wa kila kifaa, uyapange kwenye sakafu tupu au hata uani ulikochora mistari kwa chaki. Sisi tulichora uani. Mama akakaa kwenye kigoda mahali pa choo, akanyoosha mkono akatuambia karatasi iwe wapi na shatafu iwe wapi, akainuka, akajaribu kugeuka. Mara mbili alisema hapana. Kuhamisha boksi ni bure. Kuhamisha bomba la inchi 4 ni kuvunja.

Vipimo vya kushika ni hivi. Kutoka katikati ya choo hadi ukuta au kifaa kilicho kando, acha angalau sentimita 38 kila upande, la sivyo mabega yanabanwa. Mbele ya choo acha angalau sentimita 53. Ukipata 60 ni raha. Sehemu ya kuogea isipungue sentimita 75 kwa 75, na 80 kwa 80 ndiyo inayomwezesha mtu kuinama kunawa miguu bila kugonga kichwa.

Hatua ya 2: Anza na mlango

Mlango wa sentimita 70 unaofungukia ndani hufagia karibu mita 0.4 za mraba. Katika bafu la mita za mraba 2.16, hiyo ni karibu sehemu moja ya tano, na hapo huwezi kuweka chochote. Ukiugeuza ufungukie nje, umepata nafasi hiyo yote kwa gharama ya kuhamisha bawaba na kitasa na kurekebisha fremu. Sijaona senti iliyotumika vizuri zaidi kwenye kazi nzima.

Lakini usalama ndio uliotuamulia. Mtu akianguka au kuzimia bafuni, mara nyingi huangukia mlangoni. Mlango wa kufungukia nje utamfikia. Wa ndani utamfungia. Kama una mzee, mgonjwa au mama mjamzito nyumbani, usilijadili hili mara mbili.

Ikiwa nje kuna korido nyembamba au kitanda kinazuia, weka mlango wa kuteleza unaoning'inia kwenye reli juu ya ukuta wa nje. Hakikisha reli haina njia sakafuni, kwa sababu njia ya chini hujaa uchafu na humkwaza mtu. Pazia nene ni suluhisho la muda kwa bafu la ndani ya chumba. Mlango wowote utakaouchagua, usiwe wa mbao isiyozibwa chini. Unyevu wa Dar utauozesha kuanzia kwenye ukingo ule usiopakwa rangi. Tumeweka wa alumini.

Hatua ya 3: Pakavu mlangoni, majimaji mwisho

Bafu letu la mwanzo lilikuwa na choo ukutani mwisho, chini ya dirisha, na shawa katikati. Ukitaka kwenda chooni baada ya mtu kuoga, unavuka dimbwi. Makosa haya yako kwenye nyumba nyingi sana, na kwenye bedsita nyingi za Nairobi, yaani nyumba za chumba kimoja, shawa huwa juu ya choo kabisa. Kanuni ninayoishika ni moja: kinacholowa sana kikae mbali na mlango, karibu na dirisha, kinachotumika mara nyingi kwa siku kikae karibu na mlango.

Kwetu ilitoka hivi, ukiingia. Mkono wa kushoto, kwenye kona, sinki dogo la kunawia lenye upana wa sentimita 36 na kina cha 25, limefungwa ukutani bila mguu. Linafuatiwa na choo, ambacho katikati yake iko sentimita 74 kutoka ukuta wa mlango, kwa hiyo bega lina sentimita 38 hadi kwenye sinki. Choo kina urefu wa sentimita 62, hivyo mbele yake zimebaki 58. Kuanzia sentimita 100 hadi 180 ni sehemu ya kuogea, 80 kwa 120, dirisha likiwa juu yake. Kulia hakuna kitu chochote, kutoka mlangoni hadi mwisho. Ukifungua mlango jicho linakwenda moja kwa moja hadi ukuta wa dirisha.

Kuna jambo ambalo michoro ya mtandaoni haina. Waislamu hatuelekei kibla wala kukipa mgongo tukiwa chooni. Dar es Salaam na Zanzibar, kibla ni karibu kaskazini moja kwa moja, kwa hiyo choo kielekee mashariki au magharibi. Choo chetu cha zamani kilikuwa kimekipa kibla mgongo, na mama alilisema siku ya kwanza aliyoingia. Sasa mtu akikaa anatazama mashariki. Hata kama wewe si Mwislamu, nyumba ya kupangisha mjini kwetu ni vizuri ikalizingatia hili tangu kwenye ramani.

Unaponunua choo, uliza urefu wake kutoka ukutani hadi ukingo wa mbele. Madukani utakuta vya sentimita 70 na vya 60 vimesimama pamoja, bei karibu sawa, na macho hayaoni tofauti. Sentimita 10 hizo ndizo magoti yako. Uliza pia kama kinatoa taka chini au nyuma. Kwa kuwa ukuta wetu wa kushoto ni wa nje, tulichukua kinachotoa nyuma, kile mafundi wanachokiita P trepu. Bomba likapita ukutani likaenda kwenye chemba kwa nje. Hatukuvunja sakafu ya ndani kwa ajili yake.

Vyoo vya kuning'inia ukutani vinavutia, na sakafu chini yake huonekana yote. Vinahitaji fremu ya chuma yenye tangi ndani ya ukuta wa ziada, ambao nao unakula sentimita 15 hadi 20. Kwenye bafu la upana wa 120 faida inapungua, na tangi likiharibika unahitaji fundi anayelijua. Mimi singeweka.

Hatua ya 4: Mabomba, na gololi ya mwanangu

Kabla hatujabomoa, mwanangu aliweka gololi katikati ya sakafu. Ikasita, ikaanza kubingirika polepole, ikaelekea mlangoni, ikapita chini ya mlango, ikasimama kwenye zulia la chumbani. Ndipo nilipoelewa kwa nini zulia lile lilikuwa halikauki ukingo. Aliyetujengea alikuwa ameinamisha sakafu upande usio wake, na miaka yote tulikuwa tukisukuma maji kwa fagio kuelekea tundu lililokuwa juu kuliko mlango.

Mwinamo ndio roho ya bafu dogo. Sehemu ya kuogea ishuke sentimita 2 kwa kila mita 1 kuelekea kwenye tundu la maji, yaani flo trepu. Kwa sentimita zetu 80 hiyo ni kama sentimita 1.6. Sehemu kavu yenye choo na sinki inatosha sentimita 1 kwa mita. Sakafu nzima ya bafu iwe chini ya sakafu ya chumba kwa sentimita 2 au 3, ili hata tundu likiziba maji yasikimbilie kitandani. Hatukuweka kizingiti kati ya sehemu kavu na ya kuogea. Mzee hujikwaa, na mstari ule hulikata bafu vipande viwili machoni.

Weka flo trepu kwenye kona ya mbali au kando ya ukuta wa mwisho, si katikati ya njia. Ikiwa kando, sakafu inahitaji kuinama upande mmoja tu, na tailizi hukatwa kidogo. Ikiwa katikati, inabidi iiname pande nne kama faneli. Bomba lake liwe la inchi 2. La choo inchi 4. La sinki inchi 1½. Trepu, yaani kipinda cha bomba kinachoshika maji, ibaki na kimo cha maji cha sentimita 5, kwa sababu maji hayo ndiyo yanayozuia harufu na mende. Bafu la wageni likikaa wiki kadhaa bila kutumika, maji hayo hukauka na harufu hupanda. Mimina kopo mbili, itakoma.

Wakati huu huu ndio wa kuingiza mabomba ya maji safi na waya za umeme ukutani, kabla ya plasta. Weka koki ya kufungia maji ya bafu zima mahali mkono unapofika, na koki ndogo kwa choo peke yake. Pima mabomba kwa kujaza maji na kuyaacha usiku kucha kabla hayajafunikwa. Fundi akisema "hii haivuji, bosi," mshukuru, halafu pima.

Hatua ya 5: Zuia maji kabla ya tailizi

Tailizi hazizuii maji. Maji hupita kwenye maungio, hunywewa na plasta, kisha rangi ya ukuta wa chumbani huanza kubabuka kwa chini. Kwa hiyo baada ya plasta na kabla ya tailizi, paka dawa ya kuzuia maji ya kuchanganywa na saruji, angalau mara mbili, mkono wa pili ukivuka wa kwanza. Sakafu yote, kuta zote hadi sentimita 20 juu, na kwenye shawa panda hadi sentimita 180. Pembe za sakafu na ukuta na kuzunguka bomba la flo trepu ndipo panapovuja. Hapo weka kitambaa cha wavu ndani ya dawa.

Ikikauka, ziba tundu kwa mfuko wa mchanga uliofungwa kwenye nailoni, jaza maji kimo cha sentimita 2 au 3, weka alama ya penseli, acha saa 24. Kimo kikishuka kuliko kinachoweza kukauka kwa siku moja, au ukaona unyevu upande wa pili wa ukuta, rudia. Kwa nyumba ya ghorofa usikubali kuendelea bila jaribio hili. Anayelala chini ndiye atakayelipia uvivu wenu.

Hatua ya 6: Shubaka, hazina ya wazee wetu

Nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar zilitatua tatizo la nafasi zamani sana. Ukuta ulijengwa na vidaka, yaani mashubaka, vitu vikakaa ndani ya unene wa ukuta badala ya kusimama sakafuni. Bafuni kulikuwa na birika la maji lililojengwa kabisa, na katika nyumba nyingine waliweka samaki wadogo humo wale viluwiluwi vya mbu. Hawakuwa na mapipa ya kuhamisha huku na kule. Sisi tumesahau, tunanunua rafu za plastiki za kona zinazodondoka na sabuni zake.

Ukuta wa tofali la inchi 6 una sentimita 15. Unaweza kuchimba shubaka la kina cha sentimita 9, upana 30, kimo 60, ukabaki na ukuta wa kutosha nyuma. Liweke sehemu ya kuogea, ukuta wa kando ambao mnyunyizo wa shawa hauupigi moja kwa moja, chini yake ikiwa sentimita 100 hivi kutoka sakafuni ili anayeoga asiiname. Tenga kwa ubao wa jiwe au kipande cha tailizi: juu sabuni na shampuu, chini dodoki na jiwe la kusugulia miguu. Kitako chake kiiname mbele kidogo, nusu sentimita inatosha, ili maji yasituame. Lipakwe dawa ya kuzuia maji kama sakafu. Usichimbe kwenye nguzo, chini ya mkanda wa zege wa dirisha, wala mahali bomba au waya unapopita, na ukuta wa inchi 4 uuache kabisa.

Shubaka la pili, dogo, tumeliweka kando ya choo kwa karatasi na kopo. Juu ya choo kuna kabati la kina cha sentimita 15 tu, linaanzia usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa na kwenda hadi dari. Kina hicho kinabeba mataulo yaliyokunjwa kwa kuviringishwa, dawa ya choo, na sabuni za akiba. Kabati la kina cha 30 lingeanza kumgonga mtu kichwani kila anapoinuka.

Na hapa ndipo pa kuweka mshikio wa mama. Ni chuma kisichoshika kutu, kimelala kwenye ukuta wa kushoto kando ya choo, upande wa shawa, kimo cha sentimita 85 hivi, na kingine kimesimama wima kwenye shawa. Kifungwe kwa boliti ndefu zilizoingia kwenye tofali lenyewe. Fisha fupi, ile plagi ya plastiki ya skrubu, iliyoishia kwenye plasta itang'oka siku mtu atakapoihitaji. Kabla ya kumwonyesha mama, nilining'inia kwa uzito wangu wote.

Hatua ya 7: Tailizi

Hesabu kwanza. Mzunguko wa kuta zetu ni mita 6, kimo hadi dari mita 2.4, kwa hiyo mita za mraba 14.4. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 12.7, ongeza asilimia 10 ya kukatwa na kuvunjika, inakuwa 14. Tailizi ya 30 kwa 60 ina mita za mraba 0.18, hivyo unahitaji kama vipande 78. Sakafuni ni mita 2.16, nunua 2.4.

Za sakafuni ziwe zenye uso wa kukwaruza. Dukani mimina maji kidogo juu yake, sugua kwa kisigino ukiwa peku. Tailizi zinazong'aa kama kioo ndizo zilizomwangusha mama. Ukubwa wa 30 kwa 30 au mdogo zaidi hufuata mwinamo vizuri. Za 60 kwa 60 zinakataa kuinama na fundi atakulazimisha kupunguza mteremko. Tumia rangi moja sakafu nzima, sehemu kavu na ya kuogea. Ukibadilisha rangi katikati, jicho linahesabu vyumba viwili vidogo.

Ukutani tulichagua nyeupe iliyofifia, isiyo na maua, tukazilaza kwa ulalo na kuzipandisha mpaka dari. Kuishia katikati na kuweka mkanda wa rangi nyingine ni mtindo uliozoeleka, na ndio unaolifanya bafu lionekane fupi. Maungio yawe ya milimita 2 au 3, na grauti, yaani unga wa kujazia maungio, iwe ya rangi inayokaribiana na tailizi. Grauti nyeusi kwenye tailizi nyeupe inachora vyumba vya gereza ukutani.

Simamia gundi. Fundi mwenye haraka huweka madonge manne ya saruji nyuma ya tailizi na kuigandamiza. Katikati panabaki tupu, maji yanakaa humo, na siku moja inapasuka ukigusa na ndoo. Gundi ipakwe sehemu yote kwa mwiko wenye meno. Kesho yake pita na sarafu ukigonga moja moja. Yenye mlio wa debe tupu itolewe ikiwa bado mbichi.

Hatua ya 8: Mwanga, hewa na kioo

Dirisha liwe juu, kitako chake kama sentimita 150 au 160 kutoka sakafuni, lenye wavu wa mbu. Luva za kioo cha ukungu zinafaa kuliko dirisha la kuteleza, kwa sababu hufunguka zote na mvua haiingii. Ili hewa itoke juu lazima nyingine iingie: acha sentimita 1.5 chini ya mlango. Kama bafu halina dirisha, weka feni ya kutoa hewa ya inchi 4, bomba lake litoke nje ya nyumba. Wengine huliishia juu ya dari. Huko ni kuhamishia ukungu kwenye mbao za paa.

Taa moja katikati ya dari huangusha kivuli usoni na kuziacha kona gizani. Weka mbili ndogo, moja juu ya shawa yenye kinga ya maji, nyingine juu ya kioo. Swichi zikae nje ya mlango.

Kioo sasa. Kikubwa kimoja ni bora kuliko vidogo vitatu, na kisiwe na fremu nene. Kabla ya kutoboa ukuta, mwambie mtu akishike, wewe simama mlangoni uangalie kinaakisi nini. Kikiakisi mwanga wa dirisha au ukuta mtupu, kitakupa upana. Kikiakisi choo, kitakupa vyoo viwili. Chetu kina sentimita 50 kwa 90, kimesimama wima juu ya sinki kikielekea ule ukuta wa kulia usio na kitu.

Kutenga shawa, watu wengi wanatamani kioo. Kwa walio kwenye mtandao wa maji safi yasiyo na chumvi, sawa. Kwa sisi tunaochanganya na maji ya kisima ya chumvi, kioo huota madoa meupe baada ya wiki chache, na utakifuta kila siku. Pazia jeupe la plastiki linatosha. Reli yake iwe juu karibu na dari, pazia lishuke mpaka sentimita 3 juu ya sakafu. Ukimaliza kuoga likunje ukutani, nafasi yako inarudi.

Hatua ya 9: Maji ya mgao na maji ya moto

Bafu la mjini kwetu lisilo na pa kuweka maji ya akiba halijakamilika, hata liwe zuri namna gani. Lakini pipa la lita 100 ndani ya bafu la mita mbili ni mgeni asiyeondoka. Liondoe. Tangi liwekwe nje juu ya mnara. Kila mita 1 ya kimo inatoa presha ya bar 0.1, kwa hiyo mita 3 juu ya shawa inakupa 0.3. Ni ndogo, lakini inaoga. Ndani tumebakiza ndoo moja ya lita 20 yenye mfuniko, inakaa chini ya sinki, mahali palipoachwa wazi na ule mguu tulioutoa.

Shawa ya umeme ya wati 5,500 huvuta karibu ampea 24 kwenye volti 230. Waya wa soketi wa milimita za mraba 2.5 haufai, vuta waya wake wa milimita za mraba 6 kutoka kwenye bodi, wenye swichi yake kubwa, ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini), na kifaa cha kukata umeme unapovuja. Kazi hii mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Ukisikia mwasho mdogo wa umeme ukigusa koki, zima na usioge tena mpaka itengenezwe. Soma pia presha inayohitajika kabla ya kununua, maana nyingine haziwaki kwa tangi la chini.

Ukiwa mpangaji

Huwezi kuvunja, lakini unaweza kuiachia sakafu nafasi. Toa vyote vilivyo chini, rudisha ndoo moja tu. Weka pazia la shawa kwa fimbo ya kubana isiyotobolewa. Ndoano za nyuma ya mlango zibebe taulo na nguo. Badilisha taa hafifu ya manjano uweke LED nyeupe. Sugua grauti kwa brashi ngumu na sabuni ya unga, kisha omba ruhusa ya kupaka upya. Kilo chache za grauti hubadilisha sura ya bafu kuliko zulia lolote. Na muulize mwenye nyumba kuhusu kuugeuza mlango. Ukimweleza habari ya mtu kuanguka nyuma yake, huenda akakubali haraka kuliko unavyodhani.

Kumalizia kazi

Choo, sinki na mshikio vikishafungwa, pigia silikoni kwenye kona zote za sakafu na ukuta na kuzunguka sinki. Acha saa 24 bila maji, hata watoto wakinung'unika. Kisha mwaga ndoo nzima sehemu ya kuogea, subiri dakika tano. Kama kuna dimbwi linalobaki mbali na tundu, sema sasa, kabla hujamlipa fundi kipande cha mwisho.

Nyuma ya mlango ning'iniza mpira wa kusukumia maji. Kila anayeoga avute sakafu mara tatu kuelekea kwenye tundu. Ni sekunde ishirini, na anayefuata anaingia pakavu. Kila Jumamosi funua flo trepu utoe nywele. Na zile tailizi zilizobaki, tano za ukutani na nne za sakafuni, zifunge kwenye boksi lake uandike juu tarehe na namba ya toleo iliyochapwa ubavuni, uziweke chini ya kitanda. Dukani rangi ileile ya toleo jingine hailingani, na siku bomba litakapohitaji kufukuliwa utazitafuta.